Unga wa maganda ya machungwa na malimau: kilichomo, kisichokuwamo, na nani awe mwangalifu

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Nauza juisi hapa Muheza, na kila jioni nabaki na ndoo za maganda ya machungwa na malimau. Nimetumiwa ujumbe kwamba maganda yana dawa kuliko juisi yenyewe: yanashusha presha na kolesteroli, yanapunguza tumbo, yanaua saratani. Nimeanza kuyakausha na kuyasaga. Mama yangu ana presha na kolesteroli, anameza vidonge vya hospitali, na sasa anatia kijiko cha unga huo kwenye chai asubuhi na jioni. Anasema anajisikia vizuri. Wateja nao wameanza kuuliza bei. Je, kuna ukweli? Na naweza kuuza?

JIBU: Marahaba, dada. Nitaanza na mama, kwa sababu lake halingoji. Biashara itasubiri hadi mwisho.

Chukua maboksi ya dawa zake zote usome lile jina dogo la dawa yenyewe, si jina kubwa la kibiashara lililo juu. Ukikuta simvastatini au atorvastatini upande wa kolesteroli, au nifedipini au felodipini upande wa presha, unga wowote wenye ganda la balungi, furungu au danzi usiingie kikombeni mwake hata chembe. Umeniambia unatumia machungwa na malimau tu, lakini nawajua wauza juisi: siku ambayo balungi limepatikana kwa bei nzuri, ganda lake nalo linaishia kwenye ndoo ileile.

Sababu ni hii. Ndani ya balungi na danzi mna kundi la kemikali ziitwazo furanokumarini. Inayotajwa sana ni bergamotini. Kemikali hizi huzima kimeng'enya kilichoko kwenye ukuta wa utumbo mwembamba, ambacho wanasayansi hukiita CYP3A4. Kazi yake ni kuvunjavunja vitu vigeni, dawa zikiwamo, kabla havijafika kwenye damu. Wanaopanga dozi wanalijua hilo: wanaweka dawa ya kutosha wakihesabu kwamba sehemu yake itavunjwa njiani. Sasa kimeng'enya kikizimwa, ile sehemu iliyopaswa kupotea inaingia yote. Kidonge kimoja kinafanya kazi ya vidonge kadhaa. Presha inaweza kushuka mpaka mtu aone kizunguzungu na kuanguka. Simvastatini ikizidi kwenye damu huumiza misuli, na misuli ikiharibika sana figo nazo huingia matatani. Wala haitoshi kusema "nitakunywa chai asubuhi, dawa jioni." Kimeng'enya kilichozimwa hakifufuki, utumbo hulazimika kutengeneza kingine, na kazi hiyo huchukua siku nzima, wakati mwingine hadi siku 3.

Jambo hili liligunduliwa kwa bahati, tena si London ya Uingereza bali ile ya jimbo la Ontario, Kanada. David Bailey na wenzake walikuwa wakichunguza kama pombe inaathiri felodipini. Ili washiriki wasijue nani kapewa pombe na nani hakupewa, ladha yake ikafichwa kwa juisi ya balungi. Damu ilipopimwa, felodipini ilikutwa nyingi kupita matarajio, hata kwa wale ambao hawakuonja pombe. Wakatoa ripoti mwaka 1989, na tangu hapo orodha ya dawa zinazoguswa na balungi imekuwa ikirefuka. Hata artemeta, iliyomo kwenye dawa mseto ya malaria tunayoijua wote, huingia kwa wingi zaidi kwenye damu ya aliyeinywa na juisi ya balungi.

Chungwa tamu la kawaida halina furanokumarini za kutia hofu. Limau na ndimu zinazo, na kwa sehemu kubwa ziko gandani. Kipande cha limau kwenye chai hakijawa tatizo kwa mtu, lakini ganda lililosagwa, kijiko mara mbili kwa siku, kila siku, ni kipimo kingine kabisa. Kwa mama yako mimi ningeondoa limau kwenye unga na kuacha chungwa peke yake, angalau hadi mfamasia aone zile dawa.

Na chungwa nalo lina vituko vyake. Mwaka 2005 watafiti wa Finland walionyesha kwamba waliokunywa juisi ya machungwa pamoja na atenololi, dawa ya presha ambayo bado wazee wetu wengi wanaimeza, walipata dawa hiyo kwenye damu pungufu kwa takribani asilimia 40. Hapa mambo yanakwenda kinyume na balungi: dawa haivunjwi kidogo kuliko kawaida, ila inazuiwa mlangoni isiingie. Kwa hiyo mama ameze vidonge kwa maji matupu, na chai ya maganda au juisi vifuate baada ya saa kadhaa. Na asiache kidonge hata kimoja kwa sababu anajisikia vizuri. Presha haina desturi ya kupiga hodi. Mtu hujisikia vizuri ikiwa 120 na hujisikia vizuri ikiwa 180. Mpimeni kwa mashine, muandike namba.

Sasa tuliangalie ganda lenyewe, maana ujumbe uliotumiwa haukuwa uongo mtupu.

Ganda la chungwa lina matabaka mawili, na yaliyomo hayafanani. La juu ni ngozi nyembamba yenye rangi na vifuko vidogo vya mafuta, vile vinavyokurushia marashi machoni unapomenya. Chini yake kuna tabaka nene jeupe, laini kama sponji. Wauza machungwa wa barabarani kuanzia Tanga hadi Dar es Salaam wanayatenganisha bila kuambiwa: kisu kinapita juu juu, ngozi inatoka kama utepe mrefu, tabaka jeupe linabaki kushikilia tunda, kisha linakatwa nusu na mtu anafyonza. Kwa macho ya kemia, muuzaji amekuondolea mafuta na amekuachia nyuzinyuzi, halafu wewe unafyonza maji na kuzitupa hizo nyuzinyuzi jaani.

Tuanze na tabaka la juu. Mafuta yake, kwa chungwa, zaidi ya asilimia 90 ni kitu kimoja kiitwacho limonene. Ndicho kinacholipa chungwa harufu yake, na ni kiyeyushi hodari cha grisi na baadhi ya plastiki. Watoto hupasua puto kwa kulikamulia ganda. Ni limonene inayolainisha mpira. Ndiyo maana viwanda huitia kwenye sabuni za kusafishia, na ndiyo maana nakusihi usihifadhi unga wako kwenye vile vikopo vyeupe vyepesi vya povu. Tumia chupa ya kioo. Kwa kiasi cha chakula limonene haina shida. Mafuta yaliyokamuliwa yakawekwa kwenye kichupa ni habari nyingine. Hayo si ya kunywa.

Humohumo kwenye ngozi mna nobiletini na tanjeretini, za jamaa ya flavonoidi (kundi la kemikali za mimea), ambazo karibu hazipatikani popote duniani isipokuwa kwenye matunda ya ukoo huu. Zimejaa zaidi kwenye chenza na kangaja kuliko kwenye chungwa. Wachina wanaokausha maganda ya chenza huko Xinhui, jimbo la Guangdong, na kuyaacha yazeeke miaka 3 au zaidi kabla ya kuyatia kwenye supu na dawa za kienyeji, hawakuhitaji maabara kujua kwamba ganda la chenza lina kitu. Kile kitu hasa kinafanya nini kwa binadamu, nitakirudia hapa chini.

Tabaka jeupe ndilo ghala la hesperidini, flavonoidi iliyotolewa humo kwa mara ya kwanza mwaka 1828 na Mfaransa aitwaye Lebreton. Kwenye balungi nafasi yake kubwa inashikwa na naringini, ambayo ni chungu kweli. Hesperidini haina ladha ya kuudhi, lakini ina tabia moja ya kukera: haiyeyuki vizuri kwenye maji. Ukichemsha maganda ukayachuja, sehemu kubwa yake inabaki kwenye makapi. Hata ukimeza unga wote, tumbo na utumbo mwembamba haviwezi kuifyonza ilivyo, kwa kuwa imefungamana na sukari. Inasafiri hadi utumbo mpana, ambako bakteria wanaikata ile sukari, ndipo inaingia kwenye damu, saa 5 hadi 7 baada ya kula. Watu hatuna bakteria sawa, kwa hiyo wawili wakinywa kikombe kilekile mmoja hupata mara kadhaa ya mwenzake. Ukisikia mtu anaapa kwamba chai ya maganda ilimsaidia na jirani yake anaapa haina kitu, huenda wote wawili ni wakweli.

Tabaka jeupe ni pektini pia, aina ya nyuzinyuzi. Katika ganda lililokauka pektini hufikia robo ya uzito, asilimia 20 hadi 30, na sehemu kubwa ya pektini inayogandisha jemu duniani hutoka kwenye maganda ya viwanda vya juisi. Hiyo ndiyo sehemu ya ganda ambayo mimi, kwa maoni yangu, naithamini kuliko zote, ingawa haina sifa mitandaoni. Nyuzinyuzi haziuzi gazeti.

Vitamini C pia imo. Majedwali ya chakula ya Marekani yanaonyesha gramu 100 za ganda bichi la chungwa zina takribani miligramu 136 za vitamini C, wakati nyama yake ina kama 53. Ukisoma hapo utadhani ganda limeshinda. Lakini nani anakula gramu 100 za ganda? Kijiko cha chakula cha ganda lililokwanguliwa ni gramu 6, sawa na miligramu 8 hivi. Ukianika juani kisha ukachemsha, hata hizo 8 nyingi zinapotea. Kwa vitamini C, mwambie mama ale chungwa.

Kuna na limonoidi, ambazo wewe unazijua bila jina. Juisi uliyokamua asubuhi ikiwa tamu, mchana mteja analalamika ni chungu: mara nyingi hizo ndizo. Kwenye tunda zima ziko katika hali isiyo na uchungu. Tunda likishapondwa, asidi ya juisi huzigeuza polepole. Kadiri mashine inavyobana ganda na mbegu, ndivyo juisi inavyowahi kuharibika ladha.

Neno moja la pembeni kuhusu rangi, kwa sababu mtu wa Muheza hakosi kuulizwa. Machungwa ya pwani yetu huiva yakiwa ya kijani kwa kuwa usiku hakuna baridi ya kuivunja ile kijani gandani. Yale ya nchi za baridi hugeuka rangi yenyewe, au huwekwa kwenye vyumba vyenye gesi ya ethilini. Ganda la kijani la chungwa lililokomaa halina upungufu wowote.

Sasa madai, moja baada ya jingine. Presha kwanza. Hili lina mwanga kidogo. Huko Clermont-Ferrand, Ufaransa, wanaume 24 wenye afya, wa miaka 50 hadi 65, wenye uzito uliozidi kiasi, walipewa kwa vipindi vya wiki 4 nusu lita ya juisi ya machungwa kwa siku, au vidonge vyenye miligramu 292 za hesperidini, au kidonge bandia. Namba ya chini ya presha ilishuka kidogo kwa juisi na kwa hesperidini ikilinganishwa na bandia. Matokeo yalitoka mwaka 2011. Ni utafiti mzuri, ila mdogo, na walioshiriki hawakuwa wagonjwa wa presha. Sasa piga hesabu ya kijiko cha mama. Kijiko cha chai cha unga ni kama gramu 2. Tukadirie hesperidini ni asilimia 3 ya uzito: miligramu 60 kwa kijiko, 120 kwa siku, ikiwa anameza unga wote na hachuji. Si haba, lakini haijafika nusu ya kile kilichojaribiwa, na hata kile kilichojaribiwa hakikuwa mbadala wa dawa.

Kolesteroli. Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya, ambayo ni wagumu kweli kukubali madai, mwaka 2010 walikubali kwamba pektini husaidia kuweka kolesteroli katika kiwango cha kawaida, kwa sharti mtu apate gramu 6 kwa siku. Vijiko viwili vya mama vina gramu 4 za unga, yaani gramu moja ya pektini kwa makadirio mema, na sehemu yake imeshikamana na kuta za ganda, haiyeyuki kwa urahisi. Ili afike 6 angehitaji gramu 20 hadi 30 za unga, vijiko 10 au zaidi, na uchungu wake peke yake ungemfukuza mezani. Namshauri ale maharage, mboga za majani na machungwa pamoja na ule weupe wake. Hii ya mwisho inafanyika bila gharama: mmenyee kwa mkono, asifyonze, atafune.

Tumbo kupungua. Hapa narudi kwenye nobiletini. Katika London ileile ya Ontario, kundi jingine la watafiti mwaka 2011 lilionyesha kwamba panya waliolishwa mafuta na sukari nyingi hawakunenepa walipochanganyiwa nobiletini. Habari ilizunguka dunia nzima kwamba chenza zinakata mafuta. Panya walipewa kemikali safi, kwa kipimo ambacho huwezi kukifikia kwa kula chenza. Danzi nalo lina mkasa wake: Marekani ilipopiga marufuku mmea wa efedra kwenye vidonge vya kupunguza uzito mwaka 2004, watengenezaji wengi walihamia kwenye dondoo la danzi kwa ajili ya sinefrini iliyomo, ndugu wa kemikali zinazoharakisha moyo. Mtu mwenye presha akae mbali na vidonge hivyo, hata kama kwenye kopo wamechora chungwa linalocheka.

Saratani. Ule ujumbe wa limau lililogandishwa, eti lina nguvu mara 10,000 kuliko dawa za hospitali, unazunguka kwa zaidi ya miaka 10 kwa lugha nyingi, na hauna utafiti nyuma yake. Kilichopo ni hiki. Kwenye maabara, limonene na flavonoidi za ganda huua au kudumaza chembe za saratani zilizowekwa kwenye kisahani. Kwenye kisahani hata siki inaua. Wakaenda kwa binadamu: Chuo Kikuu cha Arizona kiliwapa wanawake 43 wenye saratani changa ya titi gramu 2 za limonene kila siku kwa wiki 2 hadi 6 kabla ya upasuaji, na matokeo yakachapishwa mwaka 2013. Limonene ilikutwa imejikusanya kwenye titi, na protini moja inayosukuma chembe kugawanyika, saiklini D1, ilipungua kwa asilimia 22. Hilo ni jambo la kuvutia. Lakini hakuna uvimbe uliopona, wala haikuwa nia ya utafiti huo kuponya. Hukohuko Arizona, mwaka 2000, wazee waliosema hula maganda ya matunda haya walionekana kupata aina moja ya saratani ya ngozi kwa uchache kuliko wasiokula. Nao huo ni uchunguzi wa kuuliza watu wanakula nini. Huwezi kujua kama ni ganda au ni mambo mengine ya maisha yao. Naandika haya kwa undani kwa sababu nimeona wanawake wanachelewa kwenda hospitali wakiwa na kopo la unga mkononi. Uvimbe kwenye titi unapimwa, haunyweshwi chai.

Eneo ambalo ganda limeingia hospitalini kwa mlango wa mbele ni bawasiri na mishipa ya miguu iliyovimba. Vipo vidonge vya miligramu 500 vyenye diosmini 450 na hesperidini na jamaa zake 50, na diosmini yenyewe mara nyingi hutengenezwa viwandani kutokana na hesperidini ya maganda. Hata hapo imesagwa kwa namna maalumu ili iwe vumbi laini sana na utumbo uifyonze. Ukiuliza ganda limefikia wapi kama dawa, jibu langu ni hilo, na halimo kwenye ujumbe wowote niliotumiwa.

Historia imeshatuonya kuhusu haraka. Albert Szent-Györgyi wa Hungaria, aliyepata tuzo ya Nobel mwaka 1937, vitamini C ikiwa mojawapo ya sababu, mwaka mmoja kabla alitangaza kwamba amepata kitu kingine kwenye malimau kinachoimarisha mishipa midogo ya damu. Akakiita vitamini P. Kilikuwa mchanganyiko wa flavonoidi hizihizi. Wengine waliporudia majaribio hawakuona mtu anayeugua kwa kuzikosa, na jina la vitamini likaachwa. Mtu mkubwa, akili kubwa, tunda lilelile.

Kwa hiyo nitumieje ganda? Kama kiungo cha chakula, na huko nakuunga mkono kwa mikono miwili. Kwangua ile ngozi ya juu kwa kifaa cha kukwangulia karoti, uitie kwenye keki, kwenye uji, kwenye mchuzi wa samaki dakika ya mwisho, kwa maana harufu yake hupanda na mvuke ukiiacha ichemke. Watu wa pwani wanakula limau na ganda lake tangu zamani kwenye achari, na ukiniuliza, achari ya limau ndiyo njia tamu kuliko zote. Bahati mbaya chumvi yake ni nyingi, kwa hiyo kwa mama iwe ya kuonja tu, siku mojamoja. Ndugu zetu wa Oman na Ghuba huanika ndimu nzima mpaka ziwe nyeusi, wakazitoboa na kuzitia kwenye mchuzi. Chai ya maganda ya chungwa kikombe kimoja kwa siku sioni ubaya wake kwa mtu asiye na vidonda vya tumbo wala kiungulia.

Ngozini ni hadithi nyingine. Usisugue ndimu au ganda lake usoni wala kwapani kisha ukatoka juani. Zile furanokumarini zikipigwa na jua huunguza. Ngozi inatoa malengelenge, kisha inabaki na mabaka meusi kwa wiki au miezi. Ganda la ndimu linazo nyingi kuliko maji yake. Wauza juisi na wahudumu wa baa wanaokamua ndimu nje mchana kutwa wanayapata mikononi bila kujua chanzo. Wewe nawa kwa sabuni kabla ya kutoka kibandani.

Kuhusu dawa za shambani. Chochote kilichopuliziwa kinatua gandani kwanza, kwa hiyo anayekula ganda hana budi kujua chungwa limetoka kwa nani. Wewe una bahati, uko Muheza, unaweza kumuuliza mkulima usoni amepulizia nini na lini. Machungwa yanayosafirishwa kutoka nje ya nchi mara nyingi hupakwa nta iliyochanganywa na dawa za kuzuia ukungu, kama imazalili na thayabendazoli. Hayo kamua juisi, ganda usilisage. Kuosha kunasaidia. Chuo Kikuu cha Massachusetts mwaka 2017 kilijaribu kwa matufaha: bikaboneti ya soda ya kuokea, gramu 10 kwa lita ya maji, iliondoa thayabendazoli ya juu kwa asilimia 80 baada ya dakika 12. Iliyokwisha kupenya ndani haikutoka. Gramu 10 ni kama vijiko viwili vya chai. Loweka machungwa mazima kabla ya kukamua, sugua, suuza kwa maji yanayotiririka.

Kukausha: kata vipande vyembamba siku hiyohiyo, maana ganda lililolala kwenye ndoo usiku kucha limeshaanza ukungu hata kama hulioni. Anika kwenye chekeche lililoinuliwa, kivulini penye upepo, ukifunika kwa chandarua. Liko tayari likivunjika kwa mlio, likipinda, bado. Saga kidogo kidogo, kwa sababu limonene iliyokaa muda mrefu kwenye hewa hugeuka kuwa kitu kinachowasha ngozi za baadhi ya watu, na unga hupoteza harufu. Yale yasiyofaa kusagwa mpe mfugaji wa ng'ombe wa maziwa: makapi ya machungwa ni chakula cha ng'ombe kinachojulikana Florida na Brazili kwa miaka mingi. Wanaoyachoma kufukuza mbu wayachomee nje. Moshi wa ndani unamuumiza mtoto kabla haujamsumbua mbu.

Na sasa kuuza. Unaweza, ukiuza kama kiungo. Tangu 2019 usalama wa chakula Tanzania uko chini ya Shirika la Viwango, TBS, na ofisi za SIDO, Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, huwasaidia wajasiriamali wadogo kujipanga hadi wafike huko. Ukiandika kwenye kopo kwamba unatibu presha au saratani, umetoka kwenye chakula umeingia kwenye dawa, na hapo ni Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala litakalokuuliza ushahidi. Lebo yako iseme tu ni maganda ya machungwa yaliyokaushwa na kusagwa, uzito, tarehe ya kusaga, na sentensi moja: anayetumia dawa za hospitali amuulize mfamasia kwanza. Kama utasaga na chenza, ziwe na kopo lake. Balungi, furungu na danzi zisipite kabisa kwenye mashine hiyo ya kusagia, kwa sababu mteja anayemeza nifedipini hatakuwa na njia ya kujua kilichosagwa kabla ya unga wake.